Nilibadilisha Betri

Mwezi wa sita Mafinga si wa mchezo. Asubuhi umande ni wa baridi mpaka vidole vinauma, madereva wa malori ya mbao wanawasha injini na kuziacha ziungurume kabla ya kushika barabara ya Iringa au Makambako, na sisi wa vituo vya afya tunapima watu waliovaa masweta mawili, matatu. Asubuhi moja ya namna hiyo, mwaka 2021, aliingia chumbani kwangu mama mmoja anayepika chai na maandazi kwa vijana wanaopakia mbao. Alikuwa na miaka 36. Alikaa, akavuta pumzi, akasema:

“Dokta, moyo unanienda mbio. Nikibeba ndoo ya maji naiweka chini mara tatu kabla sijafika nyumbani.”

Mimi ni tabibu. Daktari ni cheo ambacho watu wananipa kwa heshima tu. Nikamfunga mashine ya presha mkononi. Ikajaza upepo, ikaachia taratibu, ikaandika herufi E. Nikarudia. E tena. Nikafungua droo, nikatoa betri nne mpya, nikabadilisha. Mara hii ikakubali: presha 110 kwa 70, mapigo 88. Nikaandika kwenye daftari lake kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikamuuliza kama ana mawazo. Jamani, nani hana mawazo? Akacheka, akasema anayo. Nikampa vitamini, nikamwambia apumzike.

Alirudi mara mbili. Mara ya pili alikuwa na kikohozi kinachomwamsha usiku, nikampa dawa ya kifua. Mara ya tatu alisema akilala chali anakosa pumzi, nikaandika pumu. Mwezi wa nane nikapata habari kwamba ameanguka akiwa anakanda unga. Upande wa kulia umelegea, mdomo umekwenda pembeni, maneno hayatoki. Kiharusi.

Watu wa mtaani walisema amerogwa, maana mwanamke wa miaka 36 hapati kiharusi hivi hivi. Mimi nilisema ni presha. Nilisema hivyo kwa kujiamini, wakati kwenye daftari lake 110 kwa 70 nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Najua wasomaji wa hapa mmezoea insha za vitabu. Hii nayo ni habari ya kusoma, ila ni kusoma mstari uliochorwa na mashine, na kabla ya mstari huo, kusoma mkono wa mtu. Nilidhani nilimaliza kujifunza kusoma siku niliyopewa cheti cha chuo.

*

Mwezi wa kumi mwaka 2022 nilikwenda Iringa kwenye mafunzo ya siku mbili kuhusu hitilafu za mapigo ya moyo. Nisijifanye mtakatifu. Nilikwenda kwa sababu ya posho, na kwa sababu ya alama za elimu endelevu ambazo tunazihitaji ili kuhuisha leseni. Nilikaa kiti cha nyuma karibu na soketi ya kuchajia simu. Wengi wetu semina tunazijua hivyo: saini asubuhi, chai saa nne, saini mchana, cheti.

Mwalimu alikuwa daktari bingwa wa moyo, mama mwenye sauti ya chini, mtu wa kukufanya usogee mbele ili umsikie. Hakuwasha projekta. Alisema kila mtu ashike mkono wa jirani yake, atafute mapigo chini ya kidole gumba, na ahesabu dakika nzima. Siyo sekunde kumi na tano mara nne, dakika nzima. Tulichekacheka kama wanafunzi. Jirani yangu alikuwa muuguzi mtu mzima. Tulipomaliza akaniambia, “Mdogo wangu, nina miaka ishirini kazini, sikumbuki mara ya mwisho nimehesabu dakika nzima.” Mimi nilikumbuka. Ilikuwa chuoni, kwenye mtihani wa vitendo.

Ndipo akaanza kufundisha. Moyo una umeme wake. Kuna kituo kidogo upande wa juu kulia kinachotoa amri. Amri inapita kwenye vyumba vya juu, inasubiri kidogo sana katikati, kisha inashuka kwenye vyumba vya chini, nao unapiga. ECG ni picha ya safari hiyo tu. Karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mmoja mkubwa ni sehemu ya tano ya sekunde. Mapigo yakifuatana vizuri, gawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya pigo na pigo. Yasipofuatana, hesabu mapigo yaliyo ndani ya miraba mikubwa 30, zidisha kwa kumi. Haya yote nilishayasikia chuoni, na yote nilishayasahau.

Akagawa vipande vya ECG na karatasi nyeupe. Weka ukingo wa karatasi yako juu ya mstari, akasema, tia alama za kalamu kwenye vilele vitatu, kisha sogeza karatasi mbele. Moyo wenye utaratibu, alama zako zitaangukia kwenye vilele vinavyofuata. Nikasogeza. Hazikuangukia. Nikasogeza tena, hazikuangukia popote. Na kabla ya kila kilele, mahali ambapo panatakiwa pawe na kilima kidogo cha vyumba vya juu, palikuwa na mikunjokunjo tu, kama mtu aliyejaribu kalamu kama ina wino.

Ile ilikuwa fibrilesheni ya atria. Vyumba vya juu havisukumi tena, vinatetemeka kama maji kwenye sufuria kabla hayajachemka. Amri zinashuka chini ovyo, na vyumba vya chini vinapiga ovyo. Damu inatuama kwenye kona ya chumba cha juu cha kushoto, na damu inayotuama inaganda. Siku bonge likichomoka linafuata mkondo, na mara nyingi safari yake inaishia kwenye ubongo.

“Sasa,” akasema mwalimu, “nyinyi wengi hamna ECG vituoni, najua. Lakini ugonjwa huu unapiga hodi kabla ya ECG. Unapiga hodi kwenye mashine ya presha. Mashine hizi zinategemea mapigo yafuatane. Yasipofuatana zinachanganyikiwa, zinaandika kosa. Na nyinyi mkiona kosa mnafanya nini?”

Kijana mmoja wa mbele akajibu, “Tunabadilisha betri.”

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu naye alitabasamu. Mimi nilikuwa nimeshika ile karatasi yenye alama tatu za kalamu, na nilihisi jasho mgongoni, Iringa, kwenye ukumbi ambao wenzangu walikuwa wanalalamika baridi.

*

Baada ya chai nilihamia kiti cha mbele.

Kitabu changu cha chuo kilinifundisha kwamba ugonjwa huu ni wa wazee. Si uongo, kwa nchi zilikotoka picha za kitabu kile. Lakini mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ambapo wazee zaidi ya 2,200 wa miaka 70 na kuendelea walipimwa ECG vijijini. Waliokutwa nao hawakufika hata mmoja kwa kila mia. Tabibu wa Tanzania anayemsubiri mzee atasubiri sana. Utafiti mwingine, ulioitwa REMEDY, uliwaangalia wagonjwa 3,343 wenye ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki, katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemeni. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini ya hapo, thuluthi mbili walikuwa wanawake, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa na hitilafu hiyo ya mapigo. Sura ya mgonjwa wetu ndiyo hiyo: mama kijana anayeweka ndoo chini mara tatu.

Chanzo mara nyingi ni koo. Mtoto anapata maambukizi ya koo ya bakteria, hayatibiwi kwa penisilini, na mwili katika kupigana nayo unaanza kushambulia viungo vyake wenyewe. Magoti yanavimba, leo hili, kesho lile. Yanapona, watu wanasahau. Lakini milango ya ndani ya moyo inabaki na makovu. Miaka inapita, mlango wa kushoto unakuwa mwembamba, chumba kilicho nyuma yake kinatanuka kwa kubanwa, na chumba kilichotanuka kinaanza kutetemeka.

Mtu mmoja akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo. Wafarini inasumbua, mgonjwa anatakiwa kupimwa damu kila mara. Siku hizi si kuna dawa mpya za kuzuia damu isigande, zisizohitaji vipimo? Kwa nini tusiwape hizo?

Mwalimu akasema hata yeye aliwahi kutamani hivyo. Kisha akatueleza utafiti wa INVICTUS, ambao matokeo yake yalikuwa yametoka miezi miwili tu kabla, mwezi wa nane 2022. Wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wote wana moyo wa rumatiki na fibrilesheni. Wengine walipewa rivaroksabani, dawa mpya. Wengine wafarini na jamii yake. Wengi walitarajia mpya ifanye vizuri, au angalau isishindwe. Ikashindwa. Waliotumia dawa ya zamani waliishi muda mrefu zaidi, na damu haikuwavuja zaidi ya wenzao.

Nilijiuliza ningeyajua wapi haya kama nisingekuja kufuata posho.

Jioni, kwenye meza ya chakula, akatusimulia kisa kingine cha nyuma kidogo. Miaka ya themanini, huko Marekani, watu waliopona shambulio la moyo walikuwa wanapewa dawa za kunyamazisha mapigo ya ziada, na ECG zao zilipendeza kweli. Utafiti wa CAST ukazipima dawa mbili kati ya hizo, na mwaka 1989 ukalazimika kuzisimamisha. Ripoti ya mwisho ilionyesha kwamba kati ya watu 755 waliopewa dawa walikufa 63, na kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 26. Mstari ulinyooka, watu wakafa. “Msitibu karatasi,” akasema. “Mtibuni mtu.” Nikaiona ile 110 kwa 70 yangu, ilivyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

*

Jumamosi iliyofuata nilichukua bodaboda mpaka kijijini kwao, ambako alirudishwa kwa mama yake baada ya kuugua. Njia inapita kwenye misonobari ya Sao Hill, mistari na mistari, hadi macho yanachoka. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno.

“Kamwene,” nikabisha hodi.

“Kamwene,” bibi akanijibu, akanikaribisha kigoda karibu na moto. Nikamwamkia shikamoo. Binti yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha kuazima. Alinitambua. Maneno yalikuwa yamerudi kiasi, yanatoka moja moja.

Niliomba daftari. Hospitali waliyompeleka kwa rufaa walimpima vizuri, wakaandika kila kitu: mlango wa kushoto mwembamba, fibrilesheni, wafarini. Alitumia miezi miwili. Kipimo cha damu kilikuwa mbali, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na yeye ndiye aliyekuwa mtafuta hela wa nyumba. Akaacha. Duka la dawa lilimpa aspirini ndogo, wakamwambia nayo inafanya damu iwe nyepesi. Kwa ugonjwa wake aspirini ni kama kuziba dirisha lililovunjika kwa gazeti.

Nikashika mkono wake wa kushoto, nikatazama saa, dakika nzima. Kwenye mkono nilihesabu 84. Kisha nikaweka stetoskopu kifuani: 118. Mapigo 34 katika dakika moja yalikuwa yanapigwa na hayafiki mkononi. Hata ile 88 ya mwaka jana haikuwa kweli. Mashine ilinipa namba kwa sababu nilishaiomba mara tatu.

Nikamwambia, “Dada, ulipokuja kwangu nilikosea. Moyo wako ulikuwa unaonyesha ugonjwa na mimi sikuuona.”

Alinitazama muda mrefu. Sikujua anatafuta neno au ananipima.

“Ulibadilisha… betri,” akasema. “Nilikuona.” Akapumzika. “Nikafurahi. Nikasema, kumbe… mashine ndiyo… mgonjwa.”

Bibi alikuwa anasukuma kuni. Bila kunitazama akaniuliza, “Mwanangu, umekuja kuomba radhi au umekuja kumtibu?”

“Yote mawili, bibi.”

“Basi anza na kutibu.”

Nikaanza. Nilimuuliza bibi kama binti aliwahi kuvimba magoti utotoni. Akaweka kuni chini. Ndiyo, darasa la nne, magoti halafu viwiko, wakamkanda na majani, akapona. Nikamweleza kuhusu sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, ili koo lisiendelee kuuharibu ule mlango. Nikamweleza tena wafarini, mara hii kwa lugha ya jikoni. Damu ipimwe, namba inayoitwa INR ikae kati ya 2 na 3. Ikishuka damu inaganda, ikipanda damu inavuja. Mnafu na majani ya maboga asiache kula, ila ale kwa kiasi kilekile kila wiki, maana mboga za majani zina vitamini inayobishana na dawa. Ulanzi aache. Dawa yoyote ya dukani aniulize kwanza. Na kama anafikiria kupata mtoto mwingine aseme mapema, kwa sababu wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Hapo bibi akacheka, mara ya kwanza. “Mtoto mwingine! Wewe mrudishie kwanza mkono.”

Mkono sikuweza kumrudishia. Hilo nataka liandikwe wazi, maana insha kama hizi huwa zinapenda kumalizia kwa mtu kupona. Bonge lilishapita. Nilichoweza ni kujaribu kuzuia la pili. Tuliongea na kliniki inayopima INR, tukapanga siku yake iwe siku ambayo jirani anashusha viazi mjini, ili nauli iwe ya kurudi tu. Miezi mingine namba inakaa sawa, miezi mingine inaruka, tunarekebisha. Rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kwa ajili ya kuangalia huo mlango, ipo mkononi. Taasisi ile ilianzishwa mwaka 2015, na kazi nyingi ambazo zamani zilimpeleka mtu India sasa zinafanyika pale, hata kuweka betri ya moyo. Lakini kutoka Mafinga ni zaidi ya kilomita 500, na mtu anayesafiri na bibi yake anahitaji pa kulala. Bado tunachanga.

*

Cheti cha yale mafunzo kipo kwenye faili, na alama zangu zilihesabiwa. Siku hizi nipo kwenye kundi la simu ambapo mmoja wetu akipata ECG ngumu anaipiga picha, anaficha jina la mgonjwa, anaituma. Tunabishana usiku. Mara nyingi nakosea, ila nakosea mbele ya watu, na kabla mgonjwa hajaondoka.

Tatizo kubwa lililobaki ni muda. Dakika moja kwa mgonjwa, kwa wagonjwa 60 wa siku, ni saa nzima. Hakuna semina iliyokuja na hiyo saa. Nimejaribu kuitafuta: nashika mkono wakati mgonjwa ananieleza kilichomleta, nasikiliza kwa masikio na vidole pamoja. Baadhi wanadhani nawafariji. Sibishi.

Mwezi uliopita tuliletewa tabibu kijana, ametoka chuo juzi, mwepesi, ana adabu. Nilimkuta na mzee mmoja wa mbao, mashine imeandika E, na mkono wake ushafika kwenye droo.

“Acha kwanza,” nikamwambia. “Shika mkono. Dakika nzima.”

Akatazama mlangoni, foleni ilikuwa mpaka nje. Akanitazama mimi. Akashika. Mzee naye akanyamaza kama yuko kanisani. Nikatazama mshale wa saa ukutani ukizunguka wote.

“Umepata ngapi?”

“72, mkuu.”

“Yanafuatana?”

“Yanafuatana.”

Nikashika na mimi, kuhakikisha. Yalikuwa yanafuatana vizuri kabisa.

“Haya,” nikamwambia. “Sasa badilisha betri.”